Mada ya Kondoo

Corinne Stauffer hakununua mtaala wa dukani. Alitengeneza wake mwenyewe kwenye meza ya jikoni, majira ya baridi, theluji ikiwa imefunga barabara ya shamba. Mada ya mwaka huo ilikuwa kondoo. Hesabu ilitoka kwenye uzito wa manyoya, sayansi kwenye tumbo lenye vyumba vinne, jiografia kwenye nchi zilikotoka aina mbalimbali za kondoo. Biblia haikuhitaji kutafutiwa nafasi. Kondoo wamejaa humo. Kwa somo la rangi walichemsha maganda ya vitunguu na kuchovya uzi waliousokota wenyewe. Jambo moja livute mengine yote: ndivyo Corinne alivyoamini elimu inavyopaswa kuwa, na kwa binti yake mkubwa, Leah, mwenye miaka kumi na miwili, njia hiyo ilikuwa imefaulu bila ubishi.

Tabitha, mwenye miaka minane, alisoma mada ileile pamoja na dada yake. Huo ndio ulikuwa uzuri wake: nyumba nzima, meza moja, somo moja. Corinne alisoma kwa sauti, wasichana wakasikiliza huku mikono yao ikifuma. Kisha Leah aliandika insha, na Tabitha alinakili sentensi ambazo mama yake alimwandikia kama mfano. Mwandiko wake ulikuwa safi kiasi kwamba wageni walionyeshwa.

Sheria ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, inataka kila mtoto anayefundishwa nyumbani akaguliwe na mwalimu mwenye cheti kabla ya mwisho wa Juni. Corinne na mumewe, Dale, walikuwa na sheria yao ya ziada: mkaguzi akikataa kumsainia mtoto, mtoto huyo anaanza shule mjini mwisho wa Agosti.

“Mimi nilipanda basi la njano la shule miaka yote,” Dale alipenda kusema. “Sikufa.”

“Hukufa. Ila hujafungua kitabu tangu ulipoteremka.”

Mkaguzi wa miaka ya nyuma, rafiki wa kanisani, alizoea kulipekua jalada la kazi za watoto huku akila pai. Alipohamia kwa mwanawe, Corinne alimpata Verna Oberholt, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote. Alifika katikati ya Mei. Akakataa pai, akaomba kahawa.

Leah alimaliza upesi. Tabitha akaitwa.

“Haya, bibie. Kondoo anakula majani, halafu yanakwenda wapi?”

Tabitha alivitaja vyumba vyote vya tumbo kwa mpangilio, akaongeza kuwa kondoo hucheua akiwa amejilaza, na kwamba baba yake naye hufanya hivyohivyo Jumapili.

“Na kurasa hizi kaandika nani?”

“Mimi.”

“Mwandiko wako unaushinda wangu. Nisomee ukurasa huu.”

Tabitha akausoma wote bila kusita, kidole kikifuata mistari. Bi Oberholt akaweka kidole chake katikati ya ukurasa.

“Neno hili ni lipi?”

Tabitha akarudi juu kabisa. Midomo yake ilicheza bila sauti, kidole kikaruka neno baada ya neno mpaka kikafika. “Malisho,” akasema. Lilikuwa jibu sahihi. Corinne, aliyekuwa ameanza kutabasamu, akaacha.

Bi Oberholt alichukua karatasi tupu, akaandika kwa maneno yaleyale sentensi nyingine: kondoo mweupe alimfukuza mchungaji malishoni.

“Na hii?”

Tabitha akaitazama, akamtazama dada yake. Leah akageukia dirishani.

“Hii Mama hajaisoma bado,” Tabitha akasema.

Wasichana wakatumwa nje kunywesha kondoo.

“Maneno hayo yote anayajua,” Corinne akasema.

“Anayajua yakiwa kwenye foleni. Yakitoka kwenye foleni, hayajui. Unawasomea kila siku?”

“Kila siku. Ndiyo njia yetu.”

“Na unasoma vizuri. Hajawahi kuhitaji kusoma mwenyewe.”

Corinne alitafuta kichwani ushahidi wowote kwamba Tabitha aliwahi kusoma kitu ambacho hakuwahi kusomewa kwanza. Hakuupata. Alichokuwa nacho ni ushahidi wa kumbukumbu nzuri na mkono mtulivu.

“Sheria inadai maendeleo,” Bi Oberholt akasema. “Maendeleo anayo, habari za kondoo anazijua kuliko mimi. Naweza kusaini leo nisiwe mwongo, halafu tukapanga mimi na wewe kuhusu majira ya joto.”

Corinne alielewa alichokuwa anapewa. Dale angeiona saini, asiulize zaidi.

“Msainie Leah,” akasema. “Tabitha mwache. Rudi mwisho wa Juni.”

“Nikimkuta vilevile?”

“Atakwenda mjini.”

Wakati wa chakula alimweleza Dale kila kitu, watoto wakiwepo. Dale alitafuna viazi vyake mpaka mwisho.

“Mimi nilijua,” Leah akasema.

“Mbona hukusema?” baba yake akauliza.

“Hamkuniuliza. Na Tabby alikuwa ananisafishia banda nikimsomea kurasa zake.”

“Mmbea wewe,” Tabitha akasema.

Mada ya majira ya joto ilikuwa tayari: mito, ikiwa na ramani na mashua ya kujenga. Corinne aliirudisha yote ndani ya sanduku. Badala yake, kila asubuhi alikaa na Tabitha peke yake na sauti za herufi, maneno mafupi, sentensi zisizoelekea popote.

“Hii inahusu nini?” Tabitha akauliza siku ya kwanza.

“Haihusu kitu. Ni kusoma tu.”

“Inachosha.”

“Ndiyo, inachosha.”

Corinne mwenyewe ilimchosha zaidi. Ila hakumsomea mtoto kitu ambacho mtoto angeweza kujaribu, na Leah alipigwa marufuku kunong’ona.

Bi Oberholt alirudi na kitabu chembamba ambacho hakikuwahi kuingia katika nyumba ile, kuhusu tarishi na mbwa. Dale alisimama mlangoni, mikono ikiwa na grisi. Tabitha akasoma polepole, na ukurasa wa pili akakwama. Leah alifumbua mdomo. Corinne akamkazia macho. Tabitha akalikata neno vipande, akalitamka vibaya, akasoma mbele kidogo, akarudi, akalitamka vizuri. Mbele zaidi akakwama tena.

“Amekwama mara mbili,” Dale akasema.

“Mwezi uliopita hakukwama hata mara moja,” Bi Oberholt akajibu. “Anayekariri hakwami. Huyu anasoma.” Akatoa kalamu, akasaini. “Yuko nyuma ya wenzake. Niandike na hilo?”

“Andika,” Corinne akasema.

Dale akaja kuinama juu ya karatasi, akaisoma yote. “Krismasi nitampa kitabu nitakachokichagua mwenyewe,” akamwambia mkewe. “Kikimshinda, Januari anakwenda mjini.”

“Sawa. Usichague cha matrekta.”

“Kwani matrekta yana ubaya gani?”

“Nyamazeni kidogo,” Tabitha akasema, kidole kikiwa bado kwenye kitabu. “Mmenipotezea mstari.”