Minong'ono Nyumbani kwa Bi Zein

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka Mona asubuhi alipokuwa akipika mbaazi. Kikaanguka sakafuni, kikazunguka kwa ukingo wake, kikatulia. Hakikutoa sauti. Mona alikiokota, akakisuza, akafunika mbaazi.

Bomba ndilo lililotangulia kunyamaza, ikafuata saa ya ukutani, halafu redio. Chanzo kilijulikana. Tangu majibu ya hospitali yatoke, hakuna aliyeutaja ugonjwa wa Mona kwa sauti ya kawaida. Mamake, Bi Zein, alifunga madirisha kwanza, kisha akanong'ona: "Hayo maradhi." Majirani waliokuja kumzuru mgonjwa walinong'ona vilevile. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe, na kilichonong'onwa ndani hakikupata pa kutokea. Minong'ono ikajaa chumba baada ya chumba mpaka ikafunika kila sauti. Sasa aliyetaka kusema neno ilimbidi aweke mdomo kwenye sikio la mwenzake. Wageni hawakuona tabu, kwani ndivyo walivyokuwa wakizungumza tangu mwanzo.

Mona alitakiwa kuanza dawa Alhamisi, naye alikuwa ameamua kutokwenda. Alitaka kujua mambo machache tu. Dawa ikiingia mshipani inaunguza? Mtu aweza kufia pale pale kitini? Mgeni mmoja alimpapasa mkono, akamwambia sikioni, "Mungu ni mkubwa," jambo ambalo Mona hakuwa ameuliza. Mwingine alianza, "Binamu yangu alikuwa na hayo hayo," kisha akamtazama, akaomba chai.

Jumatano alikuja Jael wa mtaa wa Buxton, ambaye Mona alijuana naye kwenye foleni ya maabara. Alikuwa amekwisha kupata dawa mara tatu, na chini ya kitambaa kichwa chake hakikuwa na unywele. Alipanda ngazi, akaketi, akasema:

"Dada Mona, ni kansa inakukondesha hivyo ama ni mawazo?"

Redio ilirudi katikati ya taarifa ya habari. Jikoni bomba likasikika likivuja.

"Inaunguza?" Mona aliuliza haraka.

"Haiunguzi. Inapanda mkononi baridi, kama maji ya friji. Mimi nilitapika siku mbili, ya tatu nikala ugali. Nywele zilibaki kwa mto, tukagombana na mume wangu nani atazifagia."

"Na kufa?"

"Kitini? Sijaona. Nimeona mmoja akikoroma mpaka nesi akamwamsha atuhurumie."

Mona alicheka. Hofu ilibaki, ila sasa ilikuwa na ukubwa unaojulikana.

"Daktari aliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo," alisema. "Nikamjibu hakuna." Akamgeukia Bi Zein. "Mama, dadako, khalati Swafia, alikufa na nini?"

"Jicho la watu."

"Mbona mlinikataza nisiingie maiti yake ilipokuwa ikioshwa?"

"Polepole, mwanangu. Majirani watasikia."

"Wasikie, mama! Alikuwa na nini?"

Bi Zein aliinuka, akafunga madirisha. Redio ikanyamaza, na bomba pia. Alimwinamia binti yake, akaweka mdomo sikioni.

"Hayo hayo," alisema.

Alhamisi asubuhi Jael alikuja kumchukua. Nje, Bi Hanin wa nyumba ya pili alikuwa akifagia mbele ya baraza yake, na ufagio ulisikika vizuri.

"Mona aenda Malindi," Bi Zein alimwambia kutoka mlangoni, kwa sauti kamili. "Kuna arusi."

"Naenda hospitali, Bi Hanin," Mona akasema. "Nina kansa ya matiti."

Bi Hanin aliacha kufagia. Alitazama huku na huku, akamsogelea Mona na kumshika bega, akaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Haya, mwanangu. Nisalimie bibi arusi."

Kisha akarudi kufagia. Ufagio haukutoa sauti. Mkokoteni wa maji ulikuja kwa nyuma, magurudumu yakiruka juu ya mawe kimya kimya, na mwenye mkokoteni akafungua mdomo kuomba njia. Jael alimvuta Mona pembeni. Bi Zein aliwapungia mkono kama anayeaga wasafiri.

Hawakusikia viatu vyao wenyewe mpaka walipofika Ngome ya Yesu.