Ninawaachia Masista

...na kalamu nimekuja nayo mwenyewe, kwa sababu kalamu za maofisini huwa zimefungwa kamba kama mbuzi, na jambo hili sitaki kulisaini huku navutwa mkono, wakili anasoma wosia wangu, mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu, naam, akili timamu ninayo, sijui kuhusu miguu, miguu imevimba kwa kusimama mbele ya meza ya kupigia pasi, nimevivua viatu hapa chini ya meza kimyakimya, naomba tu asiangushe karatasi akainama, anasoma vizuri lakini, hana pupa, koti lake jeusi la mahakamani limetundikwa nyuma ya mlango na mimi ndiye ninayelifua, mwaka wa sita sasa, bega la kushoto limechakaa kwa mkanda wa mkoba, nilimwambia abadilishe bega akacheka, kifungu cha pili, kijana wangu wa pekee atapata nyumba ninayoishi pamoja na redio zote za marehemu baba yake, zinazolia na zisizolia, sawa, hapo hatuna ugomvi, kijana nilimwambia mapema kwamba duka la dobi halitakuwa lake, nilikaa roho juu wiki nzima nikitafuta maneno, yeye akasema, "Mama, zile mashine mimi nitazifanyia nini? Hata soksi zangu nafuliwa," tukacheka mpaka chai ikapoa, mzigo wa kwanza ukashuka pale pale mezani, nikadhani na huu wa pili utashuka vivyo hivyo, kumbe wapi, kifungu cha tatu, nizikwe siku ya kawaida ya kazi, isiwe Jumamosi, wateja wasikose nguo zao, wakili anaguna kidogo hapo, anazuia kicheko, cheka tu mwanangu, unaruhusiwa, kifungu cha nne ni mambo ya msimamizi wa wosia, na baada ya cha nne kinakuja cha tano, na moyo umeanza kudunda kama mashine iliyopakiwa nguo upande mmoja.

Cha tano ni masista. Jengo la dobi, mashine, meza, pasi, ndoano hadi ya mwisho, vyote viende kwa shirika la masista walionilea, wafanyakazi wangu wabaki kazini, na masista wasiambiwe lolote hadi nifukiwe, hilo nililisisitiza, hadi nifukiwe, maana sitaki sista yeyote anitazame usoni akijua, nilikuwa mnovisi kwao mimi, miaka miwili na nusu, shela nyeupe kichwani, nikaondoka zimebaki wiki sita niweke nadhiri, na watu wote hadi leo wanasema kulikuwa na mwanamume, hakukuwa na mwanamume, baba wa kijana wangu, fundi redio, nilikutana naye baada ya miaka minne, nilimpelekea redio iliyoingia maji ya sabuni, ila kweli yenyewe ni ndogo mno kuisimulia, nilikuwa nasinzia kwenye sala, kila asubuhi, kila jioni, naangusha kichwa kama kuku anayedonoa, lakini nikiingia chumba cha kufulia nakuwa macho kama taa, napenda harufu ya wanga, napenda shuka linavyonyooka, siku moja nikaelewa kwamba nimempa Mungu mikono na sikuwa na kingine cha kumpa, na nadhiri hawaweki kwa mikono peke yake, au ndivyo nilivyodhani, nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nani ana akili katika umri huo... "kifungu cha tano," anasema wakili, nanyoosha mgongo, jikaze kisabuni, mama, "jengo langu la biashara pamoja na vifaa vyake vyote, kama malipizi ya kuondoka kwangu..." neno lile nililichagua mwenyewe, malipizi, fidia ya kosa, wakili aliniuliza siku ile kama lina ulazima, wosia hauhitaji sababu, nikamwambia andika, akaandika, na sasa kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine kunanichoma, ni kama kusomewa shtaka, "...kama malipizi ya kuondoka kwangu, ninawaacha masista wa..."

Anarudi nyuma kwa kidole. "Ninawaacha," anasema tena, kisha anatabasamu, "Samahani mama, herufi imeliwa hapa. Ninawaachia. Tumesahau i. Ukisaini hivi utakuwa umewaacha masista tena badala ya kuwaachia!" na anacheka, hajui alichosema, hajui kabisa, nacheka naye ili asijue, ngoja nitengeneze nichapishe upya, anasema, dakika mbili tu mama, na anageukia kompyuta yake, na mimi nimeganda na kalamu mkononi... ninawaacha, ninawaachia... miaka arobaini na moja nimelibeba neno hilo moja, maana siku ile ya kuondoka sikukusudia kuaga, Mama Mkuu alishanipa ruhusa na karatasi yangu, kilichobaki ni kupita tu, lakini nikapitia chumba cha kufulia, sikuweza kutopita, Sista Mkunjo alikuwa peke yake, mlezi wetu, tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akiona mkunjo kwenye shuka hata gizani, yeye ndiye aliyenishika mikono akanifundisha kazi inayonilisha mpaka leo, nilikuwa na gauni la kuazima na mfuko mmoja, nikasimama mlangoni, nikasema Sista, naondoka, hakugeuka mwili, alikuwa anapakia mashine ya kukamua, aligeuza kichwa tu, nusu, akasema, "Haya. Tumekuach—" na mashine ikaanza kunguruma ikameza kila kitu, nikamwona midomo inaenda, nikaona meno, nikaona kidevu kinaonyesha nje, nikajua. Tumekuacha. Ndivyo nilivyosikia, tumekuacha, kama mume anavyomwacha mke, kwa neno moja, na meno yale nikayaita kejeli, na kidevu kile nikakiita toka, nikatoka, sikulia mpaka nilipofika barabarani, halafu nikalia kwa mwaka mzima... sijawahi kumwambia mtu, baba wa kijana alikufa hajui, aliuliza mara moja kwa nini napita njia ya mbali nisipite mbele ya geti la masista, nikamwambia ile njia ina vumbi.

"Karatasi imekwama," anasema wakili, "hizi mashine za kuchapishia nazo!" nasema hapana neno, lakini siitazami mashine, namtazama mdomo, ni mazoea, dukani kwangu zikiwaka mashine tatu kwa pamoja hakuna anayesikia, tunasomana midomo, kila anayeanza kazi namfundisha kabla ya kumfundisha pasi, mtazame mwenzio mdomoni, a inafungua kinywa, o na u zinakibana, na i, i inavuta midomo pembeni, meno yanatoka, ndiyo herufi rahisi kuliko zote, namwambia, ukiona meno ujue ni... ukiona meno...

Mungu wangu.

Nilimwona meno. Kinywa hakikubaki wazi, kilivutika pembeni, na hakikuishia hapo, kiliendelea, nilikiona kikiendelea, neno tumekuacha limekwisha hapo hapo, halina mkia, mtu akishasema tumekuacha hana la kuongeza, yeye aliongeza, meno, kisha midomo ikajikunja, kisha meno tena, meno tena, kifu... ki-fu-ru-shi... ge-ti-ni... na kidevu, kidevu kilionyesha getini! Na kilikuwepo! Kilikuwepo kifurushi, wewe mwanamke mpumbavu, kilikuwa juu ya benchi la mlinzi, karatasi ya kaki na uzi mweupe, pembe zimechomekwa kwa ndani, na nani duniani aliyekuwa akichomeka pembe kwa ndani isipokuwa yeye na mimi aliyenifundisha, nilikitazama kwa macho yangu, hata nikawaza, nguo za mteja gani hizi wameziacha nje, mvua ikija je, nikakisogeza chini ya paa kidogo, kwa mikono yangu hii, nikakisogeza! na nikapita... tumekuachia kifurushi getini. Sina ushahidi. Wakili angesema sina ushahidi, mama, hayo ni meno tu. Lakini mimi nimesoma midomo miaka arobaini, nimeambiwa kwa midomo sabuni imekwisha, mteja amefika, mume wako ameanguka, na sijakosea hata mara moja, niseme leo nimekosea kwa mdomo nilioukariri kuliko yote? Siwezi. Na hata ningekuwa nimekosea, mbona kifua kimefunguka hivi, napumua mpaka chini kabisa, kumbe kulikuwa na nafasi yote hii, sikuachwa, jamani, niliachiwa, kuna mtu aliamka kabla ya wengine siku ile akakunja kitu kwa ajili yangu, na mimi nimekuwa nikizunguka njia ya mbali... naona aibu, ndiyo, lakini ni aibu nyepesi, ya kuchekwa, kama mtu aliyeitafuta miwani nyumba nzima na anayo usoni.

"Wakili," nasema. "Mama." "Lile neno malipizi, lifute." Ananitazama juu ya skrini. "Tuweke nini badala yake?" "Usiweke kitu. Andika ninawaachia, basi." Anabonyeza, neno limekwenda, halikuchukua hata sekunde, miaka arobaini na moja na halikuchukua hata sekunde, "na pale pa kutowaambia masista hadi nifukiwe," nasema, "napo futa, nitawapelekea nakala mwenyewe," anasema una uhakika mama? jamani, huyu mtoto na maswali yake, nina uhakika, nasikia Sista Mkunjo bado yupo, kwenye nyumba ya wazee wao, haoni vizuri tena lakini wanampa vitambaa vya mezani anakunja kutwa nzima, wanavikunjua kwa siri wanamrudishia, nitakaa kando yake, nitachukua pembe za upande wa pili, sitaanza na habari za jengo, jengo litasubiri, nitauliza kwanza kile kingine, na akinijibu nitamtazama mdomo... mashine inakoroma, inatoa nusu ya ukurasa, inanyamaza tena, wakili anaipiga kofi ubavuni, "Mama, nisamehe kwa kweli, nakuchelewesha," anasema, kalamu bado iko mkononi, kifuniko hata sijakivua, namwambia hapana mwanangu, hujanichelewesha wewe, nimechelewa mwenyewe, kuna kifurushi changu mahali sijaenda kukichukua.