Mkono wa Wilbroad Kwenye Fimbo ya Yasinta

Kwa miezi kumi na minne Yasinta alikatazwa kunyanyua hata sufuria, na aliyemkataza si daktari. Daktari alishasema bega limepona. Aliyekataza ni mumewe, Wilbroad, mtu mwema mpaka anakera. Tangu boksi limwangukie mkewe ghalani alikofanya kazi, huko Grand Prairie, Texas, Wilbroad alimfunga vifungo, akamkatia nyama, akampokonya hata mkoba. Wageni wa kanisani waliokuja kumpa Yasinta pole waliishia kumsifu Wilbroad! Yasinta alikaa kwenye kochi kama mgeni nyumbani kwake, akimeza chai na hasira.

Ndiyo maana alilipia nafasi kwenye boti ya kuvua jodari kutoka bandari ya Galveston. Ukutani mwa boti ile kulikuwa na ubao wa majina ya waliopandisha jodari peke yao. Sheria ilikuwa moja: mtu mwingine akigusa fimbo yako ya kuvulia, samaki si wako. Nahodha aliirudia mara mbili kabla hawajaondoka. Yasinta alitaka jina lake pale, basi. Wilbroad naye akajikatia nafasi. Eti anamsindikiza.

Asubuhi ya pili, karibu na mtambo wa mafuta katikati ya bahari, fimbo ya Yasinta ilipinda ghafla. Jodari alipiga mbizi na mshipi ukamfuata kwa kasi. Yasinta akakaza miguu. Akivuta hatua mbili, samaki anamnyang'anya tatu. Nusu saa ikapita. Bega liliwaka moto, jasho likamwingia machoni, na moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ile ajali.

"Mke wangu, utaumia tena," Wilbroad akasema.

"Niache."

"Niko serious, Yasinta. Lete nikupokee."

"Usiguse!"

Sasa, Wilbroad amelelewa Bukoba, tena kwa mama mkali. Kwao mtu akija na mzigo unampokea kwanza, salamu baadaye, na anayesimama mikono mitupu mwenzake akilemewa huambiwa hana adabu. Samaki alipoonekana, mgongo unang'aa chini ya maji, Yasinta akayumba kidogo. Mkono wa Wilbroad ukaruka wenyewe, ukashika fimbo, ukavuta. Kufumba na kufumbua, akaachia.

Whitney, baharia wa boti, alikuwa ameinama akimchoma jodari kwa kulabu, hakuona. Nahodha alikuwa juu kwenye usukani. Samaki akatua sitahani akipigapiga mkia na watu wakashangilia. Yasinta akamkazia Wilbroad macho.

Nahodha akashuka na kalamu ya kuandikia ubaoni. Akamtazama Yasinta, akamuuliza kwa upole kama kuna mtu aliyegusa fimbo yake.

"No, sir!" Wilbroad akadakia, anatabasamu, tena anamkonyeza mkewe. "She did it all by herself."

Hapo ndipo damu ilipomchemka Yasinta. Eti kafanya yote peke yake! Yaani mtu huyu amempokea mpaka jibu!

"Aligusa," akamwambia nahodha kwa Kiingereza. "Huyu hapa. Mume wangu."

Nahodha akampa pole, akafunika kalamu yake, akaondoka. Makofi yakafa.

"Kwa nini umesema?" Wilbroad akanong'ona, uso umemshuka. "Hakuna aliyeona! Mimi nakutetea, wewe unaniumbua mbele za watu. Kweli asante ya punda ni mateke."

"Nani alikuomba?"

"Ulikuwa unaumia. Nilikuona kwa macho yangu."

"Nilikuwa naumia, ndiyo! Bega langu, maumivu yangu, samaki wangu! Umenihurumia mpaka sina hata kimoja kilichobaki!" Sauti yake ilipaa mpaka watu wote botini wakageuka, na hakujali. "Leo ulitaka hata uongo nisiseme mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu ajali Wilbroad hakujua mikono yake aiweke wapi.

Whitney alikuja na orodha ya safari inayofuata, wiki mbili mbele. Hakuwa amefuatilia ugomvi, au alijifanya hamnazo. Aliuliza awaandikie nafasi mbili kama safari hii.

Wilbroad alikuwa tayari ameshatoa pochi.

"Moja," akasema Yasinta.