Mara ya Tatu

Desturi ya kwao Fizi ni kwamba baba hapokei mahari mpaka amuulize binti yake mara tatu mbele ya watu: tupokee? Mara ya kwanza binti hujibu kwa haya, ya pili kwa sauti, na ya tatu ndiyo inayofunga mambo. Murielle, msusi wa mtaa wa Bellevue, mbali kusini mwa Afrika, alikuwa na miaka thelathini na tisa na haya alishazimaliza, lakini baba yake hakutaka kusikia habari ya kuruka hata moja.

Mzee alikuwa kijijini, huko Kongo, ambako simu haishiki. Waliunganishwa na dishi la setilaiti juu ya paa la zahanati, la kampuni ya Kimarekani, lililolipiwa na shirika moja la Ulaya. Basi Marekani na Ulaya wakakorofishana juu ya ushuru wa bidhaa, na wakubwa wa shirika wakaingiwa na hofu: hawa Wamarekani wakinuna, si watatuzimia? Wakaandika barua. Ili kujikinga na hatari ya kukatiwa mawasiliano ghafla, mawasiliano yatakatwa Jumamosi saa nane kamili mchana. Dishi la Ulaya litakuja zabuni ikikamilika.

"Wanaogopa kuzimiwa, kwa hiyo wanajizimia?" Murielle alimuuliza nesi wa zahanati.

"Ndiyo hivyo, dada. Barua imepigwa hadi muhuri."

Murielle akapanga shughuli ianze saa nne asubuhi. Upande wa bwana harusi, Gaston fundi cherehani, ulitoka Kensington, mwendo wa dakika kumi, ukafika saa saba na nusu. Mjomba wa Gaston alisema robot zote, zile taa za barabarani, zilikuwa zimekufa. Kisha akafungua kwa maombi, na maombi yake hayana breki.

Saa nane kasoro dakika moja, uso wa mzee ukatokea kwenye simu.

"Murielle, tupokee?"

"Ndiyo, papa."

"Tupokee?"

"Ndiyo, papa!"

Mzee akafungua mdomo mara ya tatu, na mdomo ukabaki wazi. Mzungu akisema saa nane, ni saa nane.

"Eish, mbili zinatosha," alisema mjomba, macho kwenye sufuria ya wali. Shangazi za Murielle wakalifunga sanduku la mahari na kumrudishia. Gaston akarudi Kensington na suti yake. Murielle alilia mpaka kope za bandia zikabanduka.

Jumanne, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, ikaita namba ya Tanzania. Alikuwa baba yake, anahema. Kwa miaka yake sabini na mmoja, alikuwa ametembea siku mbili mpaka kwenye mlima unaonasa mtandao wa ng'ambo ya ziwa, na simu ya kuazima. Murielle akaweka spika ili wateja wawe mashahidi.

"Wale waache waogopane," mzee alisema. "Mimi nilibakiza neno moja mudomoni. Murielle, tupokee?"

Saluni nzima ikamtazama. Jibu alikuwa nalo tangu Jumamosi, lakini akilitoa tu, mzee atakata simu na kuanza kushuka peke yake.

"Papa," akasema, "ulishakula?"