Maua ya Maji Moto

Mdogo wangu Sadaharu aliziba bomba la chemchemi yetu ya maji moto, akawa anazungusha maji yale yale ndani ya pipa la kuogea majira yote ya baridi, wala hakuniambia.

Nyumba yetu ya wageni inajulikana kwa pipa hilo. Alilitengeneza babu kwa mbao za hinoki, mti wa kwetu Japani unaonukia. Hatutii klorini, maana huua harufu ya mbao, na wageni huifuata harufu hiyo. Dawa yetu ni maji kuingia na kumwagika ukingoni usiku na mchana, na kila asubuhi pipa kumwagwa lote na kusuguliwa. Tangu mgongo wangu uharibike, kazi hiyo ilikuwa ya Sadaharu. Mimi nilibaki jikoni.

Siku moja nilipitisha kiganja ndani ya pipa.

"Sada, mbona mbao zinateleza kama samaki mkunga?"

"Hayo ni maua ya maji moto, kaka. Uzee huo! Wageni wanajipaka usoni, wewe unalalamika."

Maua tunayo kweli, chembe nyeupe za madini zinazoelea. Nilimwamini.

Kwetu wageni huoga kwanza, wenyeji baadaye, na mke wa mwenye nyumba nyuma ya wote. Mke wangu Kinue akaanza kukohoa, kisha homa. Hospitalini daktari alisema mapafu yameingiliwa na vijidudu vya maji machafu ya moto. Akauliza anaoga wapi.

Nilirudi nikaenda nyuma ya bafu. Chini ya magunia ya pumba za mchele palikuwa na pampu na hita, vinanguruma. Bomba la chemchemi lilikuwa limefungwa, na bomba jipya la mpira liliteremka mpaka hoteli mpya ya bondeni.

"Sada, umewauzia maji yetu?" nilimuuliza alipotokea.

"Nimewakodishia tu. Wewe na pipa lako! Tungekula mbao?"

"Na Kinue?"

"Shemeji kifua chake dhaifu tangu zamani, usinisingizie."

"Kila jioni ni wewe uliyekuwa ukimwita. 'Shemeji, njoo, maji bado ya moto.' Ulikuwa unajua, Sada!"

Alitazama ndara zake.

Kinue tulimzika theluji ikiwa bado juu ya paa. Utelezi ulikuwa umezama ndani ya mbao, haukutoka kwa brashi wala kwa maji ya kuchemka, nikalipasua pipa kwa shoka. Sadaharu anaishi bondeni sasa, hatusalimiani.

Mke mmoja, pipa moja, ndugu mmoja. Sikuwa na wengine.