Dishi Lililoelekea Baharini

Jumatatu moja katikati ya Juni mwaka 2004, saa sita na robo mchana, Elijah alipanda juu ya paa la karavani ya tajiri wake akiwa na spana namba kumi na tatu, waya wa mita kumi na dishi la sentimita themanini. Karavani ilikuwa imeegeshwa uani kwa Murshid, mtaa wa Ghubra mjini Maskati, ndani ya ukuta unaompita mtu kimo. Murshid alikuwa na duka la madishi huko Darsait, na Elijah, fundi kutoka Vihiga, Kenya, alikuwa amemfanyia kazi mwaka mmoja na miezi mitano. Familia ilikuwa ikijiandaa kwenda Salalah kupunga hewa ya msimu wa mvua. Kawthar, mke wa Murshid, alikuwa ameapa kwamba haendi kukaa wiki tatu kwenye ukungu bila tamthilia zake.

Juu ya dishi lenyewe walibishana siku mbili nzima. Murshid alitaka la mita moja na ushei, maana muuza madishi hawezi kuonekana barabarani na kitu kidogo kama sinia ya kahawa. Elijah alimweleza kwa adabu kwamba kubwa hivyo upepo wa jangwani utaling'oa, tena pamoja na paa, na la sentimita sitini nalo litawaonyesha chenga tupu. Themanini ndiyo saizi ya mtu anayesafiri. Murshid alinuna, kisha akakubali.

Shida ikabaki ni wapi pa kulielekeza. Dira haikufaa kitu, kwa kuwa chuma cha karavani kiliuchezea mshale wake ukawa unazunguka ovyo. Jua nalo, mwezi huo na saa hiyo, huwa limekaa utosini mwa Maskati, na mtu hana hata kivuli cha kumwonyesha magharibi. Elijah alikuwa Mkristo, tena mwimbaji wa kwaya, lakini katika kila nyumba aliyofunga dishi swali lake la kwanza lilikuwa kibla iko wapi. Ukishaijua kibla ya Maskati, unanyoosha mkono, unapima vidole vinne kushoto kwake, na setilaiti ya Nilesat iko hapo hapo, chini chini, inakungoja. Njia hiyo haikuwahi kumwangusha.

Aliyekuwa karibu ni Bi Wadha, mama yake Murshid, aliyekaa barazani akichambua mchele. Bi Wadha alizaliwa Tanga na alisali Tanga mpaka akawa na watoto wanne, na huko kibla ni kaskazini. Chumbani mwake Ghubra msala ulikuwa umeshatandikwa sawasawa, hakuwa na haja ya kufikiri. Hapa nje, akili yake ikiwa kwenye mchele, mkono ulijiendea wenyewe kule ulikozoea tangu usichana.

"Hii hapa, mwanangu," akasema, akaonyesha upande wa bahari, kaskazini.

Elijah alipata shaka kidogo. Lakini kazi yake haikuwa kumsomesha bibi wa Kiislamu kibla. Alipima vidole vyake vinne, akaligeuza dishi kule baharini, ambako hakuna setilaiti hata moja, akaanza kulisogeza taratibu. Kawthar alikuwa ndani mbele ya televisheni, akimwelekeza kupitia tundu la hewa la paani: bado, bado, chenga, bado, hapo hapo, usiguse.

Picha ilikuwa safi. Kawthar alisema ni jiko la kuni, msichana wa miaka kama tisa anapuliza moto, na mwanamke amelala mkekani, anakohoa. Pembeni hakuna nembo ya stesheni yoyote. Murshid akaja kutazama, akaona ukutani kalenda ya duka lake mwenyewe, ile ya mwaka uliopita yenye namba ya simu ya Darsait, akafurahi sana. Alisema kutangaziwa bure kwenye televisheni si jambo dogo. Kisha akakumbuka kwamba kalenda zile aliwagawia wafanyakazi wake, na ni mmoja tu aliyeituma yake kwao.

"Elijah," akaita, "huyu si mkeo?"

Elijah alikaza nati zote, akashuka ngazi mbio. Alipofika mlangoni picha ilikuwa inazama kwenye chenga, na alichowahi kuona ni unyayo wa mguu na pindo la leso ya zambarau. Leso ile alimnunulia mkewe, Millicent, yeye mwenyewe, sokoni Mutrah. Akapanda tena, akalishika dishi, picha ikarudi. Akashuka, ikaondoka. Murshid akapanda yeye, akalikamata kwa mikono miwili kama anayemzuia mbuzi asikimbie, zikaja chenga. Ikawa wazi kwamba dishi lile hushika likishikwa na Elijah tu, na Elijah akilishika haoni televisheni. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo, madishi yana tabia zao. Murshid alikuwa na mwavuli mkubwa wa pwani, akampelekea ajikinge na jua.

Toka siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, familia iliacha sebule yao ya marumaru ikaenda kubanana ndani ya karavani. Hasina, dada yake Kawthar, alikuja kutoka upande wa pili wa mtaa na chupa ya kahawa na sahani ya tende. Safari ya Salalah iliahirishwa mara ya kwanza, kisha ikaahirishwa tena, na Kawthar hakuzitaja tena tamthilia zake. Siku ya pili Bi Wadha aling'amua kwamba alikuwa ameonyesha kibla ya Tanga. Alimwomba Mungu msamaha, halafu akasema dishi lisisogezwe hata kidogo.

Juu ya paa, sauti zilimfikia Elijah kupitia lile tundu. Alimsikia Joy, bintiye, akiosha sufuria saa ambayo watoto wenzake walikuwa shule. Alisikia kikohozi ambacho hakukijua, kirefu, kikitoka mahali pa ndani sana. Katika barua zake zote Millicent alikuwa ameandika kwamba ni homa kidogo na inapungua. Mengine yote alisimuliwa na Bi Wadha, aliyekaa kwenye kiti kilicho chini ya tundu na kumpa habari polepole, asimtishe.

Siku ya tano Murshid, ambaye hakuwa mtu wa roho mbaya, alimrushia simu yake ya mkononi apige nyumbani. Elijah alilishika dishi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Jirani alipokea, akaipeleka ndani. "Mimi niko sawa kabisa," Millicent akamwambia sikioni, na nusu sekunde baadaye sauti ile ile ikapanda kutoka karavanini, "niko sawa kabisa." Elijah akamwuliza kama anakula. Akajibiwa mara mbili kwamba anakula vizuri.

"Kaegemezwa na mtoto mgongoni," Bi Wadha akasema kutoka chini. "Nnamwona. Peke yake hawezi kukaa."

Elijah alikata simu, akabaki ameikodolea macho. Hakuna kitu kilichomuuma maishani kama kuusikia uongo ule mara mbili, akiwa ameushika ukweli kwa mkono wake mwenyewe na hawezi kuuona.

Jioni hiyo alimfuata Murshid barazani. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye sefu ya Murshid tangu siku aliyotua uwanja wa ndege, pamoja na za wafanyakazi wenzake, kwa ajili ya usalama, kama alivyopenda kusema Murshid. Bila pasi na bila saini ya kafili wake, yaani mdhamini, Elijah asingeweza kuvuka hata mpaka wa Buraimi.

"Arbab, tajiri wangu, naomba pasi yangu," akasema. "Wiki mbili tu. Nimpeleke hospitali, nitafute mtu wa kukaa na mtoto, nirudi kazini. Nakuomba kama mzazi."

Murshid alimkaribisha akae, akammiminia kahawa. Alisema kwamba wao wote nyumba nzima wamesikitika, Kawthar halali vizuri, na mama yake anamwombea yule mgonjwa kila sala. Lakini mkataba unasema Januari. Na mafundi wakijua kwamba mmoja kapewa, kesho wote wana wake wagonjwa.

"Tena, wallahi, fikiri mwenyewe," akaongeza. "Ukenda wewe, sisi hapa tutajuaje hali yake? Nani atashika dishi?"

Jinsi swali lilivyoulizwa, lilikuwa swali la haki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikuwa anaijua njaa, alikuwa anaitazama kila siku kuanzia saa kumi. Kawthar alitoka ndani na chupa ya asali ya mlimani na kikopo cha habasoda, dawa ya kifua iliyojaribiwa. Akaviweka kwenye friji, mpaka apatikane mtu anayesafiri kwenda Kenya.

Elijah akafikiria kugoma. Alasiri moja aliliachia dishi, akakaa chini ya mwavuli mikono mapajani, na ndani wakamsubiri bila kumgombeza. Alivumilia dakika ishirini. Halafu ikamjia kwamba katika dakika hizo hapakuwa na jicho hata moja la upande huu wa dunia lililomwona Millicent, la mtu mwema wala mbaya. Akasimama akalishika tena.

Millicent alikufa Alhamisi, siku ya kumi na moja, alasiri. Elijah alijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu kikohozi kilinyamaza, na kahawa ikaacha kumiminwa. Kisha mayowe ya wanawake wa kwao yakatoka kwenye lile tundu, moja, halafu mengi.

"Usiachie, mwanangu," Bi Wadha akasema. "Ndiyo kwanza wanamfunika."

Hakuachia.

Alikwenda kuiomba pasi tena usiku uleule, na Murshid alimpa pole ya dhati, akamshika bega, akamwambia kwamba sasa hata akienda hatamkuta. Jumamosi watu wa Vihiga wakamzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Murshid alifunga duka nusu siku. Kawthar na Hasina walikuja bila kahawa, wakiwa na vitambaa vya kufutia machozi. Elijah alilishika dishi kwa muda wa saa tatu na nusu kwenye joto la nyuzi arobaini na nne, na wote walikubaliana kwamba picha haijawahi kuwa safi namna ile. Bi Wadha alimsimulia kila kitu: jeneza ni la rangi gani, nani kalibeba, Jacob, kaka wa marehemu, amesimama wapi. Akalia. Elijah naye akalia huko juu, machozi yakakauka kabla hayajafika kidevuni.

Watu walipotawanyika, Joy aliingia jikoni peke yake, akakaa kwenye kigoda, akatazama mbele. Bi Wadha alisema mtoto anawatazama wao.

"Baba," Joy akasema, na Elijah akamsikia vizuri. "Unakuja lini?"

Ndani ya karavani Kawthar alisema kwa upole kwamba mtoto mdogo hivi anamhitaji baba yake, na Murshid akaitikia kwamba hilo halina ubishi.

Elijah alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile. Alijua kwamba dishi hupokea tu, halipeleki kitu. Hata hivyo aliinama, mkono mmoja umeshikilia ukingo, akausogeza mdomo mbele kabisa ya jicho la dishi.

"Januari, mama," akasema. "Nakuja Januari."

Chini, Murshid aligonga dari kwa kiganja mara mbili. Picha ilikuwa imepotea, kichwa kimeziba mawimbi. Elijah akakiondoa, na picha ikarudi.