Kioo cha Chini ya Sikio

Saa tatu na robo asubuhi Fundi alivua herini, akalala juu ya meza ya mionzi, akasubiri kufungiwa sura yake ya plastiki. Sura hiyo waliitengeneza wiki ya kwanza: plastiki ya moto ilishindiliwa usoni mwake mpaka ikapoa, ili shingo isisogee hata unywele wakati mashine inapoupiga uvimbe wa shingoni. Siku hizo mashavu yalikuwepo. Sasa ilikuwa mara ya kumi na tano kati ya thelathini na tatu, chakula hakipiti, kilo saba zimekwenda zake, na kichwa kinacheza ndani ya plastiki kama mguu kwenye kiatu cha kuazima.

"Imepwaya," alimwambia mpiga mionzi, ambaye wagonjwa walimwita Bwana Tayari.

"Tayari?"

"Nakwambia imepwaya, baba. Nimeshona nguo miaka thelathini. Mteja akikonda, nguo inapunguzwa."

"Hii si nguo, mama. Tayari?"

Akambana na vibanio vitano. Kidevu nacho kikabanwa, kwa hiyo mazungumzo yaliishia hapo.

Jumatatu iliyofuata shingo ilikuwa imegeuka kioo. Mdogo wake ndiye aliyegundua, akimwogesha. Chini ya sikio la kushoto, upana wa vidole vitatu, nyama ilikuwa imepoteza rangi yote.

"Dada, naiona sabuni."

"Iko wapi?"

"Nyuma yako. Tulia, nimeshaipata."

Walipomaliza kuoga walikaa dirishani na kioo cha mkononi, wakachungulia vizuri. Uvimbe ulikuwa pale, mweusi, mkubwa kama kifungo cha koti, buheri wa afya. Ulikaa pembeni kabisa mwa kile kioo. Kumbe mionzi, iliyogeuza nyama kuwa kioo palipopigwa, ilikuwa inaupita kando na kuishia kwenye tezi za mate, ambazo hazikumkosea mtu. Ndiyo maana mate yalikauka mpaka mkate ukawa mchanga mdomoni. Fundi alichukua futi yake ya kushonea, akapima: sentimita mbili na nusu. Loo! Kwa kosa kama hilo, dukani kwake mteja angerudishiwa kitambaa.

Mwenye macho haambiwi tazama, na daktari waliyemwendea siku hiyo alikuwa nayo mawili na miwani juu. Akaandika kwenye faili: *Kioo. Kushoto. Hakina ufa.*

"Daktari, uvimbe ule pale."

"Nauona."

"Na mionzi inapita huku."

"Naona pia." Alimweleza kwa upole. Sura mpya inataka picha mpya, picha mpya inataka mpango mpya, na foleni ya mipango ni miezi mitatu. Akisimamisha matibabu kusubiri, uvimbe hautasubiri. "Huu mpango wa sasa umeshasainiwa, mama."

Fundi aliogopa. Nyuma ni moto na mbele ni moto.

"Kwa hiyo nirudi mezani?"

"Kesho. Saa tatu na robo."

Jioni ile alishona vifuko viwili vidogo vilivyojazwa pamba, kimoja cha shavu na kimoja cha chini ya taya, kwa kipimo cha jicho tu. Asubuhi alivipachika ndani ya sura, na shingo ikarudi mahali pake barabara, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Bwana Tayari aliifungua sura, akavitoa kwa vidole viwili.

"Hivi havimo kwenye mpango."

Hakuwa mtu mbaya. Alivitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba ya mgonjwa juu yake visije vikapotea, halafu akabana vibanio vyote vitano. Fundi alilia ndani ya plastiki, na machozi yakajitafutia njia kwenye matundu.

Kioo kiliendelea kutambaa kuelekea kidevuni. Kwenye benchi la kusubiria watu walipenda akae mstari wa mbele, maana waliokuwa nyuma yake waliweza kuusoma ubao wa namba bila kuinuka. Mzee mmoja mwenye kioo cha zamani kifuani alimpa shauri moja tu, akipake mafuta ya maji kisije kikakwaruzika. Fundi alimshukuru, akanunua mafuta.

Baada ya mara ya thelathini na tatu, daktari aliandika: *Matibabu yamekamilika kama yalivyopangwa.* Akampa mkono. Ndani ya kile kioo, ambacho sasa kilitoka sikioni hadi kidevuni, uvimbe ulionekana waziwazi, mkubwa kama yai, ukipanda na kushuka kila Fundi alipojaribu kumeza.

"Bado upo," alisema Fundi, kwa kisauti kilichobaki.

"Upo. Ndiyo sababu nataka nikuone tena." Kalenda ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti cha mgonjwa. Daktari aliinama, akavaa miwani, akatafuta siku iliyo wazi kupitia shingo yake. Alimwomba asitikisike kidogo, maana tarehe zilikuwa za maandishi madogo.